Chupa ya chai inatunza joto, ila mama yangu hawezi kuifungua

Nianze na haki yake: joto inatunza. Chai ukiiweka usiku, alfajiri bado inaunguza ulimi, na ndani haiachi harufu. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kizibo, na yule kijana aliyeniuzia pale Kariakoo.

Mama yangu ana baridi yabisi ya vidole. Tunakaa naye Mbagala, anaamka kabla yetu sote, na akishaswali anataka chai yake na kipande cha mkate. Chupa nilimnunulia wakati wa masika, asihangaike na jiko gizani. Asubuhi yake tu nikamkuta ameibana katikati ya magoti, kizibo amekizungushia ncha ya khanga, anasokota, hakiendi. Chai ya moto, magotini! Mwili ulinisisimka.

Hebu kitazame hicho kizibo. Kifupi, cha duara, laini kama kigae, hakina mfereji wala pembe ya kushika, tena kimezama shingoni mwa chupa, vidole vinaambulia ncha tu. Na hewa iliyobaki juu ya chai ikipoa hunywea, inakivuta kizibo chini. Yaani chupa iliyolala na chai ndiyo ngumu kuliko zote, wakati kulala na chai ndiyo kazi niliyoinunulia. Mpini nao vidole viwili ndivyo vinaingia, na ukingo wake unakata kiganja.

Nikairudisha. Hela sikudai, nilitaka kubadilishiwa tu, hata kwa kuongeza kidogo. Kijana akakifungua kizibo mara moja mbele ya wateja, akaniambia, "Dada, mbona inafunguka? Chupa haina tatizo, mwenye tatizo ni bimkubwa. Si kuna wajukuu nyumbani? Wamfungulie." Watu wakacheka. Mikono ile imekuna nazi na kusukuma chapati za kuuza mpaka sisi tukamaliza shule, leo mwenyewe asubiri mjukuu aamke ndipo anywe chai nyumbani kwake?

Na isiwe kisingizio kwamba vyombo vya namna hiyo haviwezekani. Marekani, Sam Farber alimwona mkewe Betsey anapata taabu kumenya kwa sababu ya ugonjwa wa viungo mikononi. Mwaka 1990 kampuni yake ya OXO ikaanza kuuza vifaa vya jikoni vyenye mipini minene ya mpira, na pale kidole kinapokaa pana vimistari laini vya kushikia. Hata ukilowa hauponyoki. Wenye mikono mizima nao wakavinunua, kwa nini wasivinunue? Mpira kidogo na vimistari vichache, basi. Aliyetengeneza chupa yangu alipata muda wa kuichora maua ubavuni, kizibo hakumpa hata bibi mmoja akijaribu.

Nilikuwa nimalizie kwa kusema mwenye mikono yenye nguvu anunue tu, chupa ni nzuri. Nafuta. Juzi nilikuwa nakaanga maandazi, vidole vina mafuta, mgeni yuko sebuleni anasubiri, na mimi nisiye na ugonjwa wowote nikashindwa kuifungua mpaka nikanawe kwa sabuni. Basi ni nzuri kwa nani?

Mama amerudia chupa yake ya zamani, ile yenye kizibo kikubwa cha gome. Joto inatunza nusu usiku tu, na alfajiri anapasha tena, lakini anaifungua mwenyewe.

Mwenye kujua duka lolote, Kariakoo au hata Tegeta, linalouza chupa yenye kizibo cha kushikika na mpini wa kuingiza mkono mzima, aniambie. Rangi yoyote. Nitakwenda na mama, aijaze maji ya moto, aifunge, aifungue mwenyewe mbele ya muuzaji, ndipo nitoe hela.