Sumaku nyeusi ya spika na hii ndogo inayong'aa, ipi uitolee hela?

Mugonile ndugu zangu, mambo vipi, leo niko kibandani kwangu hapa Mwanjelwa, baridi ya asubuhi hii jamani vidole havishiki hata bisibisi. Mezani nina sumaku mbili. Hii nyeusi kubwa kama kitumbua nimeitoa kwenye sabufa iliyoungua koili, haijanigharimu hata mia. Hii ndogo inayong'aa, mnaiona hapa, nimeinunua elfu sita na muuzaji akaniapia kabisa kwamba haiishi nguvu maisha yote, ngoja tutafika huko.

Nyeusi inaitwa feraiti. Malighafi yake ni kutu ya chuma, sikutanii, kutu inachanganywa na madini ya bariamu au strontiamu, inasagwa unga, inagandamizwa kwenye kalibu halafu inachomwa tanuruni, kwa hiyo ukiiangalia vizuri pale ilipomeguka utaona ni kama kigae cha chungu. Ndo maana ukiidondosha kwenye sakafu inapasuka. Ila haili kutu tena, maana yenyewe ni kutu tayari 😂

Ndogo ni mchanganyiko wa madini ya neodimiamu, chuma na boroni, ilitokea miaka ya 1980 huko Japani na Marekani. Huu mng'ao ni nikeli tu wameipaka juu, ikichubuka ikapata maji kwisha habari, inaoza inakuwa unga. Na hapa nataka wana Nyanda za Juu mnisikilize, hiyo neodimiamu ipo jirani yetu kabisa, mlima Ngualla kule wilaya ya Songwe, serikali ilisaini mkataba wa kuichimba mwaka 2023. Sie tunaletewa kwenye pakti kutoka nje wakati udongo wake tunao!

Haya jaribio. Nyundo hii hapa, naigusisha ndogo... umeona, imeinyanyua nyundo nzima. Nyeusi nayo inanyanyua, ila nikiweka jalada la daftari katikati inaachia, ndogo bado imeng'ang'ania. Kwa nguvu hamna ubishi, ndo maana spika ya simu na iyafoni za masikioni zinatumia hii, pale hamna nafasi ya kuweka kitumbua.

Sasa kasoro. Wiki ya pili niliibandika kwenye ingini ya pikipiki ili inishikie spana, nikazunguka mpaka Uyole na kurudi, kuja kuipima haishiki hata msumari wa inchi nne. Hizi za kawaida zikivuka nyuzi 80 zinapoteza nguvu na hazirudishi zikipoa. Hii mnayoiona ni ya pili, nimenunua tena elfu sita nyingine, na muuzaji wa kwanza simu hapokei. Feraiti inavumilia nyuzi 250 hivi. Halafu pakti imeandikwa N52, ambayo ni daraja la nguvu la juu, mi siiamini sana, kalamu hata mtoto anayo.

Kuna mteja wangu anachenjua dhahabu Chunya, yeye anatumia nyeusi ya spika na hataki nyingine. Anaifunga ndani ya nailoni, anaipitisha juu ya mchanga uliokauka, ule mchanga mweusi unarukia nailoni wote, akichomoa sumaku mchanga unadondoka pembeni, dhahabu inabaki kwenye karai kwa sababu dhahabu haivutwi. Mchanga ule ni magnetaiti, ukoo mmoja na chuma cha Liganga kule Ludewa. Bila nailoni utakaa siku nzima unakwangua.

Kwa hiyo mwenye mashine ya kusaga anayetaka kunasa misumari kwenye mahindi, wauza skrepa wa kupima shaba ya kweli na chuma kilichopakwa rangi, chukueni nyeusi, nendeni kwa fundi redio yeyote atawapa. Raba ya mlango wa friji nayo ni feraiti ileile, unga wake umechanganywa na mpira, ikichoka badilisha raba usihangaike na gundi. Ndogo nunua kama unataka kishikio cha simu kwenye gari au kitasa cha mkoba, nafasi finyu na hamna joto.

Wenye watoto, hizi ndogo ziwekeni juu sana. Mtoto akimeza mbili zinavutana tumboni na utumbo uko katikati, hapo ni hospitali haraka, usisubiri itoke yenyewe.

Na ikinasa kwenye bati usiivute, itelezeshe hivi mpaka ukingoni... jamani hii nyundo mbona haiachii, nishikieni kamera.