Kitabu cha mazoezi cha "should" na "had better" kwa Wajapani: nunua kwa ajili ya sura ya ushauri

Nafundisha Kiingereza watu wazima wa Kijapani, na hiki ndicho kitabu cha kwanza kunitua mzigo wa "had better".

Mwanafunzi wangu amekariri tangu shuleni kwamba "had better" ndiyo "hō ga ii", maneno ambayo Mjapani humwambia mwenzake kama ushauri wa kawaida: afadhali upumzike. "Should" naye amekariri kuwa ni "beki", yaani "yapasa", neno zito. Basi akitaka kumshauri mkubwa wake kwa adabu, anasema "You had better take a taxi". Anayeambiwa anasikia: usipopanda teksi, shauri yako!

Kitabu hiki hakikurundikii jedwali la maana. Kinakupa sentensi hiyohiyo moja, kisha kinakuuliza nani anamwambia nani: daktari na mgonjwa, karani na mteja, mama na mtoto. Unachagua, unasikiliza sauti, ndipo unapewa maelezo. Darasa langu lilibishana sana juu ya yule karani, na ubishi ule uliwafundisha kuliko maelezo yangu yote. Baadaye zinaletwa "I think you should" na "It might be better to", na watu wanapumua: kumbe "should" ni laini kuliko walivyodhani.

Sauti nazo ni nzuri. "You'd better" inatamkwa upesi hadi ile "d" inamezwa, kama watu wanavyosema kweli.

Sura ya wajibu imenisikitisha. "Must" na "have to" zimebandikwa zote kwenye "nakereba naranai", yaani "ni lazima", basi. Sasa mwanafunzi akishaamini ni kitu kimoja, ataacha vipi kuamini kwamba "must not" na "don't have to" nazo ni kitu kimoja? Mtu anaambiwa si lazima aje, yeye anaelewa amekatazwa kuja. Na Kijapani chenyewe kinazitenganisha waziwazi: "te wa ikenai" ni marufuku, "nakute mo ii" ni hiari. Kuanzia hapo tu kungetosha. Badala yake ni kujaza mapengo ukurasa baada ya ukurasa, bila kujua nani anazungumza. Hata kwamba jana ya "must" ni "had to" hakijasema.

Mwalimu mwenye darasa akinunue, sura ya wajibu aiandalie mazoezi yake mwenyewe. Anayejisomea peke yake atahitaji kitabu cha pili.