Kasha langu la droo nne: miezi tisa na vipodozi Wete

Napamba maharusi hapa Wete, Pemba. Kwa miaka mingi vipodozi vyangu vilikaa kwenye pochi mbili za zipu na sanduku la bati alilonipa mama. Kila harusi nilikuwa namwaga vitu vyote kwenye kitanda cha watu ili nipate wanja mmoja. Ndugu wa bi harusi wamekaa wananitazama, somo, yaani kungwi wake, anauliza saa, nami napekua. Sanduku lenyewe hewa ya pwani ilishalila bawaba, na kutu ikahamia kwenye kibano cha nyusi.

Mwaka jana, mfunguo mosi (Shawwal) ulipokuwa unamalizika, nilimwagiza wifi yangu aliyekuwa Unguja anitafutie Darajani lile kasha la plastiki inayoonyesha vya ndani, droo nne, na juu vishimo vya kusimamishia rangi za mdomo. Alilipata kwa Sh 38,000. Likapandishwa boti bandari ya Malindi, Unguja, likapita mkondo wa Nungwi bahari ikiwa chafu, na liliposhuka Mkoani droo ya chini ilikuwa na ufa wa kona. Muuzaji alilifunga kwa gazeti tu. Ukiagiza, sema livingirishwe kwenye kanga mbili na likae mapajani mwa mtu, lisitiwe chini pamoja na mizigo.

Raha yake ni kuona. Siku ya kwanza nilipopanga nikagundua nina rangi tatu za mdomo za hudhurungi zilezile, nimezinunua mara tatu kwa kutojua kilichomo pochini. Sasa paleti za macho zinalala droo ya juu, poda ya pili, faundesheni na maskara ya tatu, brashi ya chini, na mwanzoni sponji pia. Nikiitwa Gando au Konde nachomoa droo ninayoitaka tu, naifunga kitambaa, naondoka. Kwa kazi hiyo sijuti hata shilingi moja.

Lakini kasha hili halikutengenezwa kwa masika ya Pemba, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Droo zake zinabana, hazina hata tundu la hewa. Mwezi wa kwanza nilikuwa naosha brashi jioni, nazisimamisha ndani ya kikombe, asubuhi nikizigusa nazidhani zimekauka, natia ndani. Baada ya wiki mbili za mvua nikafungua droo ya chini, nikapigwa na harufu ya uvundo. Sponji zote zina madoa meusi. Brashi kubwa ya poda, niliyoipenda kuliko zote, inanyonyoka manyoya mkononi. Nilitupa vitu vya kazi ya miezi, na iliniuma.

Mama akatazama, akaniuliza, "Mwanangu, karafuu mbichi unaitia guniani?"

Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja. Mtoto wa Pemba amekua akiona karafuu zinaanikwa juu ya majamvi, zinageuzwa, zinakusanywa jioni zisipigwe umande, kisha zinaanikwa tena, mpaka ukiivunja moja inatoa sauti. Iliyofichwa na unyevu wake huharibika na kuharibu za wenziwe. Brashi ni vivyo hivyo. Siku hizi naosha kwa shampuu ya watoto, manyoya yakitazama chini muda wote, maana maji yakishuka kwenye shingo hulegeza gundi inayoshika manyoya; ndiko brashi yangu ilikofia. Nazikamua kwa taulo, nazilaza ukingoni mwa meza manyoya yakining'inia nje, kivulini penye upepo, na siziondoi kabla ya usiku na mchana kupita. Sponji ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa sababu inakauka nje, ndani ikabaki na maji. Hiyo sasa siirudishi kabisa ndani ya droo, inakaa kwenye kikapu cha ukili.

Kila droo nimetia vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mchele kwenye kitambaa niliujaribu, ukaleta fukusi.

Kasoro nyingine ni ya usafishaji. Spiriti ya asilimia 70 naitumia kwa mkasi, kibano, na kupuliza kidogo juu ya poda zilizoshindiliwa baada ya kila bi harusi. Nikaona nipanguse na kasha lenyewe. Mara mbili tatu tu, plastiki ikaota nyufa nyembamba kama nywele na ukungu usiotoka. Plastiki ya namna hii haipatani na spiriti, na kwenye boksi hapakuwa na neno lolote la kumtahadharisha mnunuzi. Ni maji, sabuni kidogo na kitambaa laini, basi.

Kwa kuwa vyote vinaonekana, imekuwa rahisi pia kuandika tarehe. Nabandika kipande cha plasta chini ya kila kikopo, naandika siku niliyokifungua, halafu naangalia ile picha ya kikopo kilichofunguliwa iliyochapwa nyuma: 12M ni miezi 12, 6M ni sita. Maskara naitupa baada ya miezi mitatu hata kama imebaki nusu. Tangu macho mekundu yalipoenea mwanzoni mwa 2024, sitii brashi moja macho mawili ya watu tofauti. Natumia vijiti vya kutupa, na mteja akiniletea wanja wake mwenyewe nafurahi.

Kwa jumla kasha hili linapata alama nne kati ya tano. Mwezi wa mlisho (Shaaban) unakaribia, na kabla ya Ramadhani nina maharusi saba, kwa hiyo nimeagiza la pili, dogo, la droo tatu. Nimemwomba wifi atoboe matundu mawili nyuma ya kila droo kwa msumari wa moto kabla hajalipandisha boti.