Kadi za tatsuniya: sikiliza "fari fat" kabla ya kulipa

Kadi za kumbukumbu zenye tatsuniya, yaani ngano za Kihausa, ni za aina mbili: zilizorekodiwa watoto wakimsikiliza bibi usiku, na zilizosomwa studio kutoka kitabuni. Nunua za kwanza, hata kama mbuzi analia nyuma.

Anza na ufunguzi. Mtambaji husema "Ga ta ga ta nan", hii hapa, hii hapa; watoto hujibu "Ta zo mu ji ta", ije tuisikie. Ni ndugu kabisa wa "Hadithi, hadithi!" na "Hadithi njoo!" Za studio nyingi hukosa jibu hilo, au msomaji hujijibu mwenyewe kwa sauti ileile.

Kisha tafuta mahali palipo na "fari fat", nyeupe pepepe. Hapa ndipo kadi hupimwa. Kihausa ni lugha ya toni: "fari" ikitamkwa juu mwanzo hadi mwisho ni nyeupe, ikianza chini na kupanda ni ukame. Juu ya hayo, katika sentensi ya kawaida sauti huteremka ngazi kwa ngazi, hata silabi ya juu iliyo mwishoni huwa chini ya ile ya mwanzo. Tanakali kama "fat" huvunja mteremko huo. Hurushwa juu ya yote yaliyotangulia, fupi, kisha hukatwa ghafla. Msomaji asiyejua kutamba huiacha iteremke pamoja na sentensi, na weupe unabaki taarifa tu. Sisi tuliozoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho hupitwa kirahisi na jambo hili; rudia kipande hicho mara tatu.

Gizo, buibui mjanja, huzungumza kwa kithembe. Mtambaji hodari huingia katika kithembe hicho moja kwa moja na msikilizaji anajua ni nani. Ukisikia "Gizo akasema" kila mara na sauti haibadiliki, rudisha kadi.

Nyimbo zisikatwe. Mtambaji huimba mstari, watoto huitikia, na wimbo hurudi kila tukio linaporudi. Wahariri huona marudio ni kujaza nafasi, wakaacha ubeti mmoja. Wameharibu.

Simu nayo huharibu. Weka kasi ya kawaida, 1. Zima kipengele cha kuruka ukimya, kwa sababu ukimya kabla ya tanakali ni sehemu ya utambaji. Kichuja kelele nacho kizimwe, hula mnong'ono na miisho mifupi kama ile ya "fat". Faili lililosawazishwa sauti hadi mnong'ono na ukelele vikalingana halirekebishiki.

Mwisho uwe "Kurunkus kan ɓera", kauli ya kufungia ngano. Faili likiisha kabla ya hapo limekatwa, dai jingine.