TAHADHARI: Mnunuzi wa kamera ya boksi anayekurudishia kamera isiyo yako

Mnaouza mtandaoni Kodak Beau Brownie, zile kamera za zamani za filamu zenye umbo la boksi, hasa za rangi ya waridi au kijani, kaeni macho. Mchezo wenyewe uko hivi: mtu ananunua kamera yako nzima, halalamiki bei, analipa mara moja. Kifurushi kikishamfikia, anafungua madai kwamba bidhaa "haifanani na maelezo", anairudisha na fedha zake anarejeshewa. Wewe ukifungua unakuta kamera ya aina ileile na rangi ileile, ila bamba la mbele limebanduka enameli (ile rangi ngumu inayong'aa) pembeni, au fremu ya ndani inayoshika filamu imeliwa na kutu. Alikuwa na mbovu, sasa ana nzima, na mara nyingi nauli ya kurudisha umelipa wewe.

Wanachagua kamera za boksi kwa sababu moja kubwa: hazina namba ya pekee. Kamera moja ya Leica utaitofautisha na nyingine kwa namba iliyochongwa juu yake. Brownie haina kitu hicho. Ile "No. 2" kwenye mkanda wa kubebea ni jina la modeli, na tarehe za hataza (haki za uvumbuzi) zilizopigwa chapa ndani ni zilezile kwa maelfu ya kamera. Kwa hiyo ukimwambia msuluhishi "hii si yangu" bila ushahidi, hana la kukusaidia.

Beau Brownie ilitengenezwa kati ya 1930 na 1933, sura yake ikachorwa na mbunifu Mmarekani Walter Dorwin Teague, na karibu thamani yake yote iko kwenye lile bamba la mbele la rangi mbili. Brownie No. 2 nyeusi ya kawaida, iliyoanza kuuzwa 1901, zimejaa sokoni. Tapeli hahangaiki nayo. Ubaya zaidi ni kwamba si lazima abadilishe kamera nzima. Anavuta nje funguo ya kuzungushia filamu, anafungua mgongo, fremu ya ndani inatoka na kuingia kwenye boksi jingine la modeli hiyohiyo. Unarudishiwa boksi lako likiwa na matumbo ya mwenzake, na kwa nje huoni tofauti.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, ipe kamera yako utambulisho. Ipige picha kwenye mwanga wa dirishani, si kwa flashi, maana flashi inafuta mikwaruzo kwenye enameli. Sogea karibu na pembe zote nne za bamba, ukingo wa ngozi bandia unapokutana na chuma, mshono wa mkanda, na madoa ya kioo cha kulengea. Usijaribu kukisafisha kioo hicho kwa kusugua. Utando wake wa madini ya fedha unaweza kutoka. Kisha toa fremu, uipige picha pande zote, uweke alama ndogo mbili za penseli: moja kwenye fremu, chini ya springi inayobana kijiti cha filamu, nyingine ndani ya boksi. Penseli haiharibu kitu na inafutika. Alama hizo usizioneshe kwenye tangazo. Mwisho rekodi video moja isiyokatwa, kuanzia alama mpaka kifurushi kufungwa, na uchukue risiti ya msafirishaji yenye uzito kwa gramu.

Maelezo ya tangazo nayo ni ngao. Neno "nzuri sana" linampa tapeli mlango. Andika: shata inafyatuka, vitundu vitatu vya mwanga vinahama, lenzi ina ukungu kidogo, enameli imebanduka milimita mbili kona ya chini kushoto. Kasoro uliyoitaja mwenyewe hawezi kuidai.

Dalili za mapema zipo. Mkusanyaji wa kweli atauliza kuhusu enameli, mkanda, vioo, na kama boksi la karatasi ni la asili. Tapeli ataomba picha za ndani ya fremu tu, au hataki picha kabisa, kisha ataomba utume kwenye anwani tofauti na ile ya malipo. Kataa hilo: ulinzi ambao PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, humpa muuzaji unahitaji anwani iliyo kwenye muamala. Kumbuka pia kuwa PayPal humpa mnunuzi siku 180 za kufungua mgogoro, kwa hiyo usifute video mapema.

Barua pepe inayosema fedha "zimeshikiliwa hadi utume namba ya ufuatiliaji" isikusukume posta. Ingia mwenyewe kwenye akaunti, si kwa kubofya kiungo, uone kama muamala upo. Vivyo hivyo na ujumbe wa M-Pesa: angalia salio. Anayelipa zaidi ya bei na kuomba chenji umtumie "wakala wa kuchukua mzigo", mkatie mazungumzo hapohapo.

Kifurushi kikirudi, usikifungue peke yako. Kipimwe uzito mbele ya mhudumu wa msafirishaji, kifunguliwe huku video ikienda, alama zikaguliwe kabla ya kubofya kwamba umepokea salama. Alama zikikosekana, pinga marejesho siku hiyohiyo, ambatisha video zote mbili na risiti za uzito, na uripoti akaunti yake kwa kubadilisha bidhaa.