Kochi gani ununue? Nimeyapanga kwa jinsi yanavyokubali kufunguliwa

Miongozo mingi ya kununua makochi huanza na rangi. Mimi naanza na swali la fundi: sponji ikishalala na kitambaa kikishachakaa, mtu ataingilia wapi kurekebisha? Kochi hukaliwa, hulaliwa, huchezewa na watoto na kumwagiwa chai, na sehemu zake hazichakai kwa pamoja. Kitambaa na sponji hutangulia, mikanda au springi hufuata, na fremu nzuri huvizika vyote. Kochi lisilofunguka hufa siku ile sehemu yake dhaifu inapokufa, hata kama mbao zake bado zina miaka ishirini mbele. Ndiyo maana orodha yangu haifuati uzuri.

Lakini kabla ya orodha, yapo ya kukagua kwenye kochi lolote, la bei yoyote.

Geuza, inua, chungulia

Inua kona moja ya mbele kiasi cha sentimita 15. Kufikia hapo mguu wa pili wa mbele uwe umeshaachana na sakafu. Ukibaki chini, fremu inajipinda, na fremu inayojipinda ikiwa mpya itaanza kulia ikizoea. Shika pia mikono ya kochi uivute nje na kuisukuma ndani. Haitakiwi kucheza.

Kisha omba lilazwe kwa mgongo. Upande wa chini hufunikwa kwa kitambaa chepesi, mara nyingi cheusi, kilichobanwa kwa pini. Muuzaji anayejiamini atakubali kufungua kona moja uchungulie. Unachotaka kuona ni mbao ngumu zilizokauka, au plaiwudi nene, viungo vilivyochomekwa na kutiwa gundi, na vipande vya pembetatu vilivyokazwa kwa skrubu kwenye kona. Mbao laini kama msonobari si kosa, mradi ziwe nene na zimefungwa vizuri. Usichotaka ni chipubodi mahali panapobeba uzito. Skrubu ikishalegea ndani yake haishiki tena, na unyevu ukiingia huvimba na kumeguka. Kona inayoshikwa na pini peke yake nayo iache hapo hapo.

Kuhusu kinachobeba mito, sitakuchosha. Springi za zigizaga zilizo nene na zilizopangwa karibu karibu zinatosha nyumba nyingi. Mikanda ya mpira ni mizuri ikiwa mipana na imebanana, ila hulegea mapema zaidi; uzuri wake ni kwamba kuibadilisha ni kazi ya saa chache. Zile springi za duara zinazofungwa kwa kamba pande nane ni ufundi wa mkono na hulipiwa hivyo. Sioni sababu ya kuzinunua halafu juu yake ukawekewa sponji hafifu.

Sponji ndipo watu wanapoliwa

Mnunuzi hubonyeza mto, akiuona mgumu anaridhika kuwa ni imara. Ugumu ni jambo moja, uzito ni jingine. Ugumu ni nguvu inayohitajika kuibonyeza sponji. Uzito ni kiasi cha malighafi kilichomo ndani yake, na huo ndio unaoamua itadumu muda gani. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji nyepesi ikawa ngumu kabisa, ikakupendeza siku ya kuinunua, kisha ikaacha shimo la umbo lako kabla hujaizoea.

Uzito hutajwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo. Kwa mito ya kukalia tafuta 30 kwenda juu. Sponji ya 18 au 20 inafaa mgongo, ambako hakuna anayekaa. Muuzaji akikuambia "hii ni ya kwanza" bila kutaja namba, fungua zipu, toa sponji na uipime mwenyewe kwa mizani. Mto wa sentimita 60 kwa 60 wenye unene wa 12 una mita za ujazo 0.0432. Ukiwa wa daraja la 30 utakuwa na karibu kilo 1.3, ukiwa wa 18 hautafika gramu 800. Tofauti hiyo hata mkono unaihisi. Sponji iliyozungushiwa pamba ya poliesta hukaa nadhifu zaidi chini ya kitambaa, lakini ivue hiyo pamba kabla ya kupima.

Mito ya manyoya ya ndege ni raha tupu ukishakaa, na ni kazi ukishasimama: kila siku uipige, uitikise, uirudishe umbo. Ukitaka ulaini huo bila utumwa, kuna mito yenye kiini cha sponji na manyoya pembeni.

Jambo moja zaidi hapa. Sponji hii ya poliurethani hushika moto upesi na moshi wake una sumu. Uingereza ilitunga kanuni za usalama wa samani dhidi ya moto mwaka 1988 kwa sababu hiyo hiyo, na makochi mengi yanayouzwa huko hubeba lebo yake. Mahali ambapo lebo kama hiyo haipo, uliza sponji imetiwa kinga gani, na popote ulipo usilisogeze kochi kwenye jiko, mshumaa au waya wenye viraka.

Pima watu kwanza, chumba baadaye

Urefu wa kiti kutoka sakafuni ukiwa kati ya sentimita 42 na 48 huwafaa watu wazima wengi. Kina, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi egemeo, kikiwa kati ya 50 na 60, utakaa wima na miguu ikakanyaga sakafu. Zaidi ya hapo ni kochi la kulalia, na mtu mfupi ataishia kuning'iniza miguu au kujaza mito mgongoni. Mwenye magoti mabovu anahitaji kiti cha juu kidogo, kifupi kwa kina, na mikono imara ya kusukumia anapoinuka. Huyo ndiye wa kwenda naye dukani, hata kama hatoi pesa.

Usiamini neno "watu watatu". Pima nafasi kati ya mkono na mkono, ugawe kwa 55 au 60, upate idadi halisi. Makochi yenye mikono minene ya sentimita 25 kila upande humeza nusu mita isiyokaliwa na yeyote isipokuwa rimoti. Tazama pia idadi ya mito: kochi la watatu lenye mito miwili humweka wa katikati juu ya ufa, na si ajabu kila mgeni hukimbilia pembeni.

Mlango, kona ya korido na ngazi vipimwe kabla ya malipo. Miguu inayofunguka huokoa sentimita kumi au zaidi.

Sasa orodha.

1. Kochi la mbao za nje lenye mito ya kutoka

Najua halipigwi picha sana. Ni lile la fremu inayoonekana, mikono ya mbao mitupu, mito ya kiti na ya mgongo imelazwa juu tu. Naliweka juu kwa sababu halina pa kuficha kitu: viungo unaviona, mbao unazigonga, mikanda unaifikia kwa kunyanyua mto. Sponji ikilala, unakata nyingine kwa kipimo kile kile. Kitambaa kikichosha macho, mshonaji wa kawaida anaweza kushona foronya mpya bila kuwa fundi wa makochi. Kufagia chini yake hakuhitaji watu wawili.

Ubaya wake upo. Mkono wa mbao haulaliwi kichwa, na mtoto anayejifunza kutembea atauonja kwa paji la uso. Mito huteleza mbele ikiwa kiti hakijainamishwa nyuma kidogo, kwa hiyo kaa, jisogeze, uone. Ukipenda kutazama filamu umejinyoosha, shuka namba mbili.

2. Kochi la kuvikwa kote, la watu watatu, mito yenye zipu

Hili ndilo ambalo familia nyingi zitalifurahia zaidi kila siku, nami sitabishana nazo. Limekosa nafasi ya kwanza kwa sababu fremu imefunikwa, hivyo unategemea ule ukaguzi wa chini na uaminifu wa muuzaji. Sharti langu ni moja: mito ya kiti itoke, iwe na zipu, na ifanane pande zote ili uigeuze na kuibadilishana nafasi. Ile iliyoshonewa kwenye fremu huonekana nadhifu, lakini doa moja linakuwa doa la kochi zima.

Kwenye kitambaa uliza namba ya Martindale, kipimo cha mashine inayosugua kitambaa hadi kianze kuharibika. Kwa nyumba yenye pilikapilika usishuke chini ya misuguo 25,000; 15,000 ni ya kochi linalokaliwa mara moja moja. Poliesta iliyofumwa kwa kubana huvumilia karibu kila kitu. Kitani na pamba tupu zinapumua vizuri, ila hukunjamana na kunywa madoa. Mahameli ya manyoya mafupi ni magumu kuliko sura yake, na makucha ya paka hayapati uzi wa kunasa kama yanavyoupata kwenye vitambaa vyenye vitanzi. Rangi nzito karibu na dirisha la jua hupauka, na hakuna dawa.

Tafuta pia herufi za usafi kwenye lebo: W ni maji, S ni dawa isiyo ya maji, WS ni vyote viwili, X ni kufyonza vumbi tu. Mwenye watoto na kochi la X ametafuta ugomvi.

3. La zamani lenye fremu nzuri, livikwe upya

Kwa mwenye subira hili linaweza kupanda hadi namba moja. Makochi mengi hutupwa kwa kosa la kitambaa wakati mifupa ni mizima. Kufanya hesabu ndiko kunakowashinda watu: kochi la watu watatu hula takribani mita 12 hadi 15 za kitambaa chenye upana wa kama mita 1.4, na cha maua makubwa au mistari huhitaji zaidi ili michoro ikutane. Ongeza sponji, mikanda na mikono ya fundi, ndipo ulinganishe na jipya.

Kabla ya kulibeba nyumbani, kagua mishono na mikunjo kwa tochi. Kunguni huacha vidoa vyeusi, na ukiviona ondoka, hata kama unapewa bure. Vitundu vidogo kwenye mbao vyenye unga chini yake ni kazi ya bungua. Harufu ya uvundo iliyoingia kwenye sponji haiondoki kwa jua, kwa hiyo ihesabu sponji hiyo kuwa ya kutupa.

4. La umbo la L

Hukalisha watu wengi na kutumia kona ambayo ingebaki tupu. Tatizo ni kwamba umenunua chumba, si kochi. Ukihama, kona mpya iko upande mwingine. Likiwa la vipande vinavyoungana na kuachana, na kipande kirefu kinaweza kuhamia kushoto au kulia, linastahili nafasi hii. Likiwa la upande mmoja tu, lishushe. Na ile kona ya ndani haina nafasi ya kutosha ya miguu: anayekaa pale hujikunja, kwa hiyo usiihesabu kama kiti kamili.

5. La kuegemea linalonyanyua miguu

Kwa mgonjwa wa mgongo au mzee, hili lina thamani kuliko yote yaliyotangulia. Kwa wengine wote ni mashine ndani ya sebule. Uliza kama nyaya, springi na mota vinauzwa pekee, na nani atavifunga. Asipokuwepo, wenzo ukikatika umebaki na kochi zito lisilofunga. Acha pia nafasi nyuma yake, kwani mengi hayawezi kulala yakibanwa ukutani.

6. Kochi-kitanda

Kitu cha kufanya kazi mbili, na mara nyingi zote mbili nusu. Linafaa chumba kimoja chenye mgeni wa mara chache. Kama kuna atakayelilalia kila usiku, lala juu yake dakika kumi palepale dukani, ukisikiliza ile chuma ya katikati inavyokugusa mbavu. Ya kusukuma na kubofya, ambayo egemeo lake hulala likawa kitanda, yana viungo vichache kuliko ya kukunjua mara tatu, kwa hiyo kuna vichache vya kuharibika.

7. La ngozi ya kusagwa

La mwisho, na kwa mbali. Ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa, yakaunganishwa kwa plastiki na kubandikwa juu ya kitambaa. Likiwa jipya hung'aa na hunukia ngozi, kwa hiyo pua haikusaidii. Baada ya miaka michache ya jasho na msuguano, utando wa juu hubanduka magamba, na hakuna mafuta wala rangi itakayourudisha. Reksini ya kawaida isiyojifanya ngozi ni afadhali, walau unajua ulicholipia.

Kuitambua ngozi ya kusagwa, fungua zipu ya mto utazame upande wa ndani. Kitambaa kilichofumwa maana yake ni ngozi ya kusagwa au reksini. Nyuzi za ngozi zenye manyoyamanyoya ni dalili njema, ingawa ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki nayo huonekana hivyo. Hapo omba risiti iandikwe aina ya ngozi, na itaje kama imefunika kochi zima au sehemu za kukalia tu, kwa sababu makochi mengi "ya ngozi" yana plastiki ubavuni na mgongoni. Muuzaji akikataa kuandika, nunua la kitambaa.