Isopropanoli ya kupima Darajani: bidhaa safi, uuzaji wa hatari

Duka hili la vifaa vya mafundi simu, lililomo katika kichochoro kimoja cha Darajani, Unguja, linauza isopropanoli (aina ya alkoholi ya kusafishia vifaa vya elektroniki) ya asilimia 99 kwa kupima, na kwa upande wa ubora sina la kulalamikia: ikipakwa kwenye bodi ya simu hukauka upesi na haiachi doa. Bei nayo ni ya wastani.

Kasoro kubwa ni namna inavyouzwa. Muuzaji huimimina kutoka kwenye dumu hadi katika chupa tupu za maji ya kunywa, bila lebo yoyote, ilhali haina rangi na mtoto anaweza kuidhania maji. Isitoshe, mvuke wake huweza kushika moto kuanzia nyuzijoto 12 hivi za Selsiasi, na Unguja joto halishuki hadi kiwango hicho hata wakati wa kipupwe. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, na hatua chache kutoka mlangoni pana jiko la makaa la muuza mishikaki. Feni ya kaunta ilikuwa ikiusukuma huko huko.

Mtungi wa poda wa kuzimia moto upo, ila umezibwa na maboksi. Nilipomweleza muuzaji habari ya lebo, alijibu kwa upole, "Ewallah, bwana, nitaandika," akaendelea kumimina.

Anayekwenda kununua achukue chombo chake chenye kifuniko madhubuti, na asikiache garini juani.